Swali la dawa wodini: lianzie wapi, liishie kwa nani

Kabla hujafungua mwongozo wala kupiga simu, liandike swali lote. "Artesuneti (dawa ya sindano ya malaria kali) ni ngapi?" halijibiki. Weka umri, uzito uliopimwa leo (si wa kukisia), njia ya kumpa dawa, nguvu iliyoandikwa kwenye kichupa, dawa nyingine anazotumia, na kama ni mjamzito au ana shida ya figo.

Swali la jinsi ya kuchanganya dawa linajibiwa na karatasi iliyomo ndani ya boksi hilohilo. La dozi, fungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, na ule uliochakaa kwenye droo uangalie mwaka kwanza.

Hapa Tabora, ambako malaria kali haikosekani wodi ya watoto, artesuneti inataka utulivu. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti. Tikisa mpaka kiwe angavu, kisha ongeza maji ya chumvi, mililita 5 kwa sindano ya mshipa au 2 kwa ya msuli. Ya mshipa inakuwa na miligramu 10 kila mililita, ya msuli 20. Chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20 ni 2.4. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji 30: mililita 3 mshipani, 1.5 msulini. Ukivuta 3 kwenye mchanganyiko wa msuli umempa maradufu, na kwa macho hutagundua, kwa hiyo bandika lebo kwenye bomba la sindano papo hapo. Itumike ndani ya saa moja. Boksi likiwa na ampuli moja tu ya kuyeyushia, hiyo ni bidhaa nyingine: usitumie vipimo hivi, fuata karatasi yake.

Dawa mbili kwenye mpira mmoja wa dripu? Muulize mfamasia. Seftriaksoni (antibiotiki) na Ringa (maji ya dripu yenye kalsiamu) hazikutanishwi, kalsiamu huigandisha seftriaksoni iwe chembe. Kichanga wa siku 28 au pungufu anayepewa kalsiamu mshipani hapewi seftriaksoni kabisa.

Jibu la simu lirudie kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, halafu andika kwenye faili: jibu, aliyelitoa, saa. Mwenzako wa zamu apige hesabu yake kivyake bila kuona yako. Mkitofautiana, dawa isubiri huku daktari anaitwa.

Mgonjwa akitoka vipele au akianza kuhema vibaya, simamisha dawa, ita msaada, na kichupa usikitupe: namba ya toleo itahitajika kwenye fomu ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba).