Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda Nyiragongo na kurudi siku hiyo hiyo

Anayeishi Goma huuona mlima Nyiragongo kila anapofungua dirisha: asubuhi umejifunika wingu, na usiku usio na mawingu, ziwa la lava likiwa limejaa, mbingu juu ya kilele hugeuka nyekundu. Mazoea hayo ya macho ndiyo yanayomponza. Mgeni atokaye mbali huuliza maswali na kufunga mzigo wake siku mbili kabla, ilhali mwenyeji hufika Kibati, safari ya kupanda inapoanzia, na viatu vya kanisani, chupa moja ya maji na koti la kuazima. Maelezo yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya huyo mwenyeji.

Jambo la kwanza halihusu mzigo. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na haupandwi bila kibali wala bila walinzi wa hifadhi wenye silaha wanaoongozana na kundi tangu kituo cha Kibati, kwenye barabara ya Rutshuru. Umefungwa mara nyingi, safari nyingine kwa sababu ya vita na safari nyingine kwa sababu ya mlima wenyewe, kwa hiyo habari ya mwezi uliopita haitoshi. Aulizwe mwenye mamlaka, wiki hiyo hiyo, na asiulizwe dereva wa teksi. Jibu likiwa kwamba njia imefungwa, maandalizi yaishie hapo, hata kama yupo kijana anayedai kuifahamu njia ya pembeni.

Swali la pili huelekezwa kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, ambacho hutangaza hali ya mlima kwa rangi: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Watu wengi hudhani hatari yote iko kileleni, kwenye shimo lenyewe. Historia inaonyesha vingine. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa la lava likatoweka kwa muda usiofika saa moja, kwa kuwa lava ya Nyiragongo ni nyepesi na hukimbia kuliko lava nyingi duniani. Tarehe 17 Januari 2002 mipasuko ilianzia karibu na Shaheru, kilele kidogo cha zamani kwenye ubavu wa kusini, ikateremka kuelekea Munigi, kaskazini mwa jiji, na lava ikalikata jiji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulikuja bila tangazo la mapema. Njia ya kupandia imelala juu ya ubavu huo huo wa kusini, na huko njiani mtu hukanyaga mawe ya 2002 kabla hajafika nusu ya safari.

Baada ya hayo ndipo inapokuja hesabu ya saa, ambayo kwa maoni yangu huharibu safari nyingi kuliko mvua. Kibati iko chini kidogo ya mita 2,000 na ukingo wa shimo uko kwenye mita 3,470, yaani ni kupanda mita 1,500 hivi ndani ya kilomita zipatazo 8. Kupanda huchukua saa nne hadi sita, kuteremka saa tatu hadi nne, na jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida ni kulala katika vibanda vya ukingoni, na anayetaka kurudi siku hiyo hiyo hana budi kuliomba hilo mapema na kukubaliana na walinzi juu ya saa ya kuondoka. Kundi linaloanza saa moja asubuhi na kutumia saa sita kupanda litafika saa saba mchana; likitazama moto kwa nusu saa na kuteremka kwa saa nne, litakuwa Kibati saa kumi na moja na nusu. Likichelewa kuanza kwa saa moja tu, kipande cha mwisho litakitembea gizani. Saa ya kugeuka ipangwe chini, kila mtu akiwa bado na akili timamu, nami huipendekeza hiyo saa saba mchana, popote kundi litakapokuwa limefika. Ikumbukwe pia kwamba kundi hutembea kwa miguu ya aliye mzito kuliko wote, na kwamba anayeumwa kichwa na kutaka kutapika akiwa juu hatibiwi kwa kutiwa moyo, huteremshwa.

Kuhusu viatu nitasema zaidi kidogo, kwa sababu nimelipa gharama yake. Nilipanda na viatu vya mtumba vilivyoonekana vizima, ngozi nene, kamba mpya. Sikujua kwamba gundi ya kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi hukauka bila kuonekana. Wakati wa kuteremka, kwenye yale mawe mepesi ya lava yanayobingirika chini ya mguu kama karanga kavu, soli ya kulia ilifunguka mbele kama mdomo, kila hatua ikichota changarawe. Mbebaji wetu hakusema neno. Alitoa mfukoni ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani, ule ule ambao watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, hufungia mizigo, akauzungusha mara nne kati ya vidole na kisigino, akaukaza kwa meno. Ulinifikisha Kibati. Tangu siku hiyo hukunja soli kwa mikono miwili nyumbani, nikasikiliza kama inalia, na hubeba mita moja ya mpira huo. Mawe ya lava hukata kama chupa iliyovunjika, kwa hiyo suruali ndefu na glovu za kazi, hata zile za mafundi ujenzi, zina faida kubwa kwa anayeweza kuanguka, yaani kwa kila mtu.

Fimbo iwepo.

Baridi ya juu huwashangaza watu wa Goma, ambao hujiona wamezoea ubaridi wa ziwa. Kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na kati ya jiji na ukingo kuna karibu mita 2,000. Mchana wa nyuzi 25 mjini unaweza kuwa wa nyuzi 13 kule, kabla ya kuhesabu upepo na shati lililolowa jasho. Shati kavu na sweta vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na visiguswe hadi kileleni. Koti la mvua libebwe hata mwezi wa Julai, ingawa Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye nafuu.

Maji yote hubebwa kutoka chini, lita tatu au zaidi kwa kila mtu, kwa sababu mwamba wa lava hunyonya mvua na njiani hakuna chemchemi. Maji ya mvua yaliyotuama yasinywewe, kwani moshi wa volkano huyatia asidi na floridi. Chakula si tatizo katika mji wenye jibini ya Masisi, mandazi na karanga.

Ukingoni hewa huwa na harufu ya kiberiti, na lugha yetu imepatia kuipa njiti na madini hayo jina moja. Kitambaa puani huzuia vumbi tu, hakizuii gesi. Moshi ukigeukia upande wenu, hameni mahali. Mazuku, ambayo watu wa Goma na Sake wanaijua kwa mbuzi na mbwa waliokutwa wamekufa asubuhi, ni hewa nzito ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Kwa hiyo mtu asipumzike ndani ya shimo wala kwenye ufa unaotoa mvuke, hata kama kuna joto la kuvutia.

Taa ya kichwani ichukuliwe pamoja na betri za akiba, na simu ikae karibu na mwili, kwani baridi humaliza chaji. Mtu mmoja wa nyumbani aachiwe karatasi yenye majina ya wote waliopanda, namba ya kituo cha hifadhi, na saa ambayo, kama hajasikia sauti ya yeyote, atapiga simu hiyo bila kuona haya. Saa mbili usiku inafaa.