Jinsi ya kuondoa seng'enge kuukuu kwenye ardhi ya umma, kusini mwa Utah

Kwenye nyanda zilizo juu ya makorongo ya jangwa la Utah, jimbo la magharibi mwa Marekani, kuna seng'enge nyingi za zamani zisizozuia tena ng'ombe yeyote. Inama utazame waya wa chini kabisa. Kwenye miiba yake utakuta manyoya yamenasa, makavu, yanayokatika ukiyakunja. Ni ya pronghorn, mnyama anayefanana na swala, mwenye mbio kuwashinda wanyama wote wa nchi kavu Amerika Kaskazini. Mbio anazo, ila kuruka uzio si desturi yake. Hupita chini kwa kutambaa. Waya ukiwa chini mno, huchanika mgongo au hukwama kabisa. Ndiye aliyenifanya nianze kujitolea.

Kwanza, ruhusa. Usikate hata waya mmoja kabla ya kuzungumza na ofisi ya karibu ya BLM, idara ya serikali inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi hii. Uzio unaodhani umetelekezwa huenda ni wa mfugaji mwenye kibali cha malisho. Na uliozidi miaka 50 huenda ukahesabiwa mali ya kale, kwa hiyo mtaalamu aukague kwanza.

Pili, maandalizi. Nenda Aprili, Mei au Oktoba. Kati ya Julai na Septemba mvua hunyesha mbali, na maji yakakufikia korongoni ilhali juu yako ni jua tupu. Beba lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, glavu nene za ngozi na miwani ya kinga. Hakikisha umechanjwa pepopunda.

Tatu, unapokanyaga. Ule udongo mweusi wenye vinundu una uhai: bakteria na kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) vimeushika mchanga usipeperuke. Unyayo mmoja huchukua miaka kupona. Piteni juu ya mwamba au kwenye mchanga wa korongo kavu, mkifuatana.

Nne, kukata. Hapa ndipo watu huumia. Waya uliokazwa ukikatwa huruka kama mjeledi. Akate mtu mmoja, wengine wakae mbali. Kata karibu na nguzo, waya ukiwa bado umefungwa kwenye nguzo nyingine zote, maana ndizo zinazouzuia kuruka. Mimi niliwahi kufungua kwanza vibanio vyote vinavyoshikilia waya kwenye nguzo nikidhani naokoa muda. Nilipokata, waya ulinipitia shavuni, na kovu ninalo.

Ukishalegea, ndipo ufungue vibanio uviweke kwenye kopo. Kunja waya uwe duara la upana wa mkono mmoja, ukikandamiza kwa buti, kisha ufunge kwa ncha yake. Nguzo za chuma zing'oe kwa jeki. Halafu rudini mstari mzima macho yakiwa chini, mkiokota kila kipande. Kipande cha urefu wa kidole humezwa na mnyama pamoja na majani.

Uzio ukiwa bado unatumika, hauondolewi, unarekebishwa. Kwa idhini ya mwenyewe, toa waya wa chini wenye miiba, weka usio na miiba, sentimita 40 hadi 45 kutoka ardhini. Mimi hubeba kijiti kilichokatwa urefu huo na kupima kati ya kila nguzo na nguzo, kwa sababu ardhi ya huku hupanda na kushuka, na palipoinuka ndipo pronghorn hukwama.