Kabla Hujastaafu: Panga Siku Zako Kabla Wengine Hawajakupangia

Watu wengi wanaokaribia kustaafu hujiandaa upande wa fedha tu. Wanajua kiinua mgongo kitatoka lini, pensheni itakuwa kiasi gani na deni lipi litalipwa kwanza. Hayo ni ya lazima. Lakini muulize mtu huyohuyo Jumanne ya kwanza baada ya kuagwa ataamka afanye nini, atakujibu kwamba atapumzika. Wiki chache hazipiti, hamu ya kupumzika imekwisha, na maombi yameanza kuingia: huyu anataka asindikizwe, yule anaomba fundi asubiriwe nyumbani kwake, mwingine anamleta mtoto "kwa saa moja tu". Kwa maoni yangu, ratiba ya wiki itengenezwe mtu akiwa bado kazini. Afya na watu unaowapenda wachukue nafasi ya kwanza, mizunguko mingine ijaze panapobaki.

Anza na uchunguzi wa afya, na uanze mapema. Kama bima yako inalipwa na mwajiri, omba majibu ya maandishi: inakoma tarehe gani, na mwenzi wako naye anaendelea au anatoka? Kabla ya tarehe hiyo kapime sukari, presha, macho, meno na masikio. Masikio husahauliwa sana. Asiyesikia vizuri huchoka kuomba warudie, akaanza kukwepa vikao, kisha akawakwepa watu wenyewe, na familia ikadhani amekuwa mkali au amenuna. Kumbe angesaidiwa na kifaa kidogo cha kusikilizia.

Dawa zako zote ziandike kwenye karatasi moja: jina, kiasi kwa miligramu, saa ya kumeza, inatibu nini na nani aliiandika. Weka humo pia zile unazojinunulia mwenyewe, kwa sababu ndizo daktari asizozijua. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia dawa za presha. Karatasi hiyo ibaki mahali ambapo mtu mwingine nyumbani anaweza kuipata wewe ukiwa huwezi kusema.

Kama utapimia presha nyumbani, jifunze sasa namna inavyopimwa. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja kwanza. Kaa kitini dakika 5 kwa utulivu, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, bila kukunja nne. Mkono ulale mezani usawa wa moyo, na usizungumze mashine inapofanya kazi. Pima tena baada ya dakika moja au mbili, andika vipimo vyote viwili pamoja na tarehe. Ukiona namba ya juu imefika 135 au ya chini 85, au zaidi ya hapo, siku tofauti, mpelekee daktari daftari hilo. Litamwambia mengi kuliko kumbukumbu yako.

Kuhusu mazoezi, kumbuka kwamba kazi ilikuwa inakutembeza bila wewe kujua: kituoni, ngazini, ofisi hadi ofisi. Hilo likikatika ghafla, miguu inadhoofika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, pamoja na ya kujenga misuli walau siku 2. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya kulinda mizani ya mwili siku 3 au zaidi, kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika kiti imara ni mwanzo mzuri. Na nyumba nayo iandaliwe: mikeka inayoteleza iondolewe, bafuni pawe na kishikio, njia ya kwenda choo usiku iwe na taa.

Sasa familia, na hapa naomba usione haya. Swali la "Mama, si upo tu nyumbani?" litakuja, tena kutoka kwa mtoto anayekupenda. Kulea wajukuu ni furaha kubwa, lakini kukimbizana na mtoto wa miaka miwili kutwa nzima ni kazi ya nguvu, na kliniki inayoahirishwa kwa sababu hiyo huwa hairudi haraka. Jibu liwe tayari, la upole na lenye siku ndani yake: "Mwanangu, Jumatatu na Alhamisi nipo na mtoto kwa moyo wote. Jumatano ni kliniki yangu, tafuteni msaada mwingine." Liseme kabla mpango wao haujakutegemea. Mwenzi wako naye keti naye. Kama yeye alizoea kuwa peke yake mchana, kuwapo kwako kutwa ni mabadiliko kwake pia. Kubalianeni nani anafanya nini, na kila mmoja abaki na saa zake.

Mizunguko ya benki, malipo na ofisi ikusanye siku moja au mbili kwa wiki. Mifuko mingi ya pensheni hufanya uhakiki wa wastaafu, basi uliza unafanyika lini na unataka hati gani, uwe na nakala. Akikupigia mtu usiyemjua kuhusu mafao yako na kutaka namba ya siri, kata simu, nenda ofisini mwenyewe.

Marafiki nimewaacha hadi hapa kwa sababu ndio wanaopotea kimyakimya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 umefuatilia maisha ya watu kwa zaidi ya miaka 80, na umeonyesha kwamba uhusiano mzuri na watu wa karibu unaambatana sana na afya na furaha uzeeni. Ila wengi tunakutana na marafiki kazini, na kazi ikiisha hakuna tena kinachotukutanisha. Kwa hiyo wekeni siku maalumu ya kuonana, ijirudie, isitegemee nani ana nafasi. Na kama simu unayotumia ni ya ofisi, hamisha namba zao kabla hujairudisha, nyingine uziandike kwenye daftari.