Matuta mangapi ya tungule, mangapi ya bamia? Piga hesabu kabla ya kupanda

Kiangazi kikikaribia, wakulima wa mboga Pemba huuliza: zao gani mwaka huu lina faida? Swali zuri, lakini halitoshi. Aliye na kisima kinachokauka Januari na aliye na maji tele hawawezi kupewa jibu moja hata wakiuza soko lile lile la Chake Chake.

Tuchukue mfano. Namba ni za kubuni, weka zako. Una matuta 40, na kisima kinatoa ndoo 120 kwa siku. Tuta la tungule (nyanya) linakunywa ndoo 4 kwa siku, la bamia ndoo 2. Ukishatoa mbegu, samadi, dawa na vibarua, tuta la tungule linakuachia shilingi 16,000 kwa msimu, la bamia 9,000.

Wengi watakimbilia tungule. Maji yatatosha matuta 30 tu, kumi yatabaki kiporo: faida 480,000. Ukipanda bamia tupu matuta yote 40, unapata 360,000 na ndoo 40 zinabaki kisimani kila siku. Sasa gawa nusu kwa nusu, tungule 20 na bamia 20. Ardhi yote imetumika, maji yote yametumika, faida ni 500,000.

Nusu kwa nusu imetokea tu kwa namba hizi, usiifanye kanuni. Chora kwenye karatasi, upande mmoja idadi ya matuta ya tungule na upande wa pili ya bamia, kisha mstari wa ardhi (mwisho wa matuta uliyonayo) na mstari wa maji (mwisho wa ndoo ulizonazo): eneo unaloweza kulima limezungukwa na mistari hiyo, na faida kubwa kabisa hupatikana kwenye kona mojawapo. Kwa hiyo huna haja ya kujaribu kila mgawanyo, pima kona tu. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alitoa njia ya kutoka kona hadi kona hata mazao na vikwazo (vitu vinavyokubana, kama ardhi na maji) vikiwa vingi. Leonid Kantorovich wa Urusi alikwishaandika juu ya hesabu za aina hii mwaka 1939, baada ya kuulizwa swali na kiwanda cha plaiwudi. Yeye na mwanauchumi Tjalling Koopmans walipewa Nobel ya uchumi mwaka 1975. Dantzig aliachwa, na mimi naona hakutendewa haki.

Faida kubwa ya hesabu hii, kwa maoni yangu, ni kukuonesha kinachokubana. Katika mfano wetu, ndoo moja zaidi kwa siku inaongeza shilingi 3,500 kwa msimu, kwa sababu kila ndoo mbili zinageuza tuta moja la bamia kuwa la tungule. Tuta moja zaidi la kukodi linaongeza 2,000 tu. Basi jirani akikukodisha matuta kwa 3,000 kila moja, mshukuru na ukatae. Lakini ukiweza kupata ndoo 20 zaidi kwa gharama iliyo chini ya 70,000 kwa msimu, fanya.

Mambo hubadilika ukiongeza kikwazo. Tuseme matuta 25 mwaka jana yalikuwa na bilingani na ugonjwa wa mnyauko ukaonekana. Bilingani na tungule ni ukoo mmoja, kwa hiyo tungule zisipandwe humo. Zinabaki nafasi 15 za tungule, na 25 za bamia: faida 465,000, maji ndoo 110. Ndoo 10 zinabaki, na kuchimba kisima zaidi hakukuongezei hata senti.

Kuhusu bei: mpango wa 20 kwa 20 unabaki bora ilimradi faida ya tuta la tungule iko kati ya 9,000 na 18,000. Tungule zikifurika sokoni hata kushuka chini ya 9,000, bamia tupu ndiyo bora. Kwa hiyo piga hesabu mara mbili, kwa bei ya kawaida na kwa bei mbaya unayoikumbuka.

Pima maji mwisho wa kiangazi, si wakati wa masika. Na msimu wa karafuu ukikolea, vibarua wakaenda kuchuma karafuu, andika saa za kazi kama kikwazo cha tatu. Mazao yakizidi mawili karatasi haitoshi, ila Excel na LibreOffice zote zina kifaa kiitwacho Solver kinachofanya kazi hiyo. Wafugaji wa kuku nao wanaweza kukitumia kuchanganya pumba, mashudu na dagaa kwa gharama ndogo bila kupunguza protini.