Weka risiti kabla hujashinda kesi

Wewe unayetaka kumshtaki mtu pale mahakama za Milimani, Nairobi, nunua faili leo. Kila shilingi inayotoka, iwe ada ya kufungua kesi, malipo ya aliyepeleka samanzi au ripoti ya daktari, itilie risiti humo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema anayeshinda ndiye hulipwa gharama, isipokuwa hakimu akiwa na sababu nzuri ya kuamua vingine. Lakini hulipwi kwa kusema tu. Bili ya gharama hupelekwa kwa msajili wa mahakama, naye anaweza kudai risiti ya matumizi yoyote yaliyomo. Huna? Anakata.

Wengi huumia hapa: ada ya wakili anayolipishwa aliyeshindwa si ile uliyokubaliana na wakili wako. Kwa jedwali la 6 la kanuni za malipo ya mawakili, anachokudai wakili wako huongezeka kwa nusu. Yaani msajili akipitisha 100,000 za kulipwa na mpinzani, wakili anaweza kukudai 150,000, na hiyo tofauti unailipa mwenyewe. Ipangie bajeti mapema, pamoja na gharama za mpinzani endapo utashindwa. (Hilo la mwisho watu hawapendi kulisikia.)

Hujaridhika na hesabu ya msajili? Una siku 14 kupinga kwa maandishi.

Na kama deni halizidi milioni 1, ulizia kwanza Mahakama ya Madai Madogo. Huko unaweza kujisimamia mwenyewe.