Leaf ya umeme au Vitz ya petroli? Piga hesabu hivi kabla hujatuma hela Japan

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar na sa hivi swali linalonifikia kuliko yote ni hili, fundi nimeona Nissan Leaf bei imeshuka kweli, niichukue au nichukue tu Vitz? Kabla sijajibu huwa namuuliza mtu unakaa wapi na mita ya LUKU ni ya nani. Gari la umeme unalinunua pamoja na nyumba unayokaa, hilo ndo wengi hawalioni. Twende kwa mpangilio, usiruke.

Hatua ya 1: Jua kilomita zako

Wiki mbili hivi andika unatembea kiasi gani kwa siku. Mtu wa Bunju anayefanya kazi Posta anamaliza kama kilomita 60 kwenda na kurudi, wa Kibaha kama 80, hapo bado shule ya watoto na msiba Mbagala. Usipimie wastani, pimia siku yako ndefu kuliko zote.

Hatua ya 2: Kagua umeme wa nyumbani

Kama umepanga na mita mnashea wapangaji watano, achana na Leaf kwa sasa, mtagombana kila mwezi. Kama mita ni yako na gari linalala ndani ya geti, ita fundi akuvutie laini ya peke yake toka mein swichi yenye breka yake, na arthi (waya unaoshusha umeme ardhini) apime kweli sio aseme tu ipo. Chaja ndogo ya ampea 10 ikikaa usiku masaa 8 inakupa kama kilomita 100, inatosha watu wengi. Ila ekstensheni ya dukani usithubutu, inachemka usiku kucha wakati nyie mmelala.

Hatua ya 3: Hesabu ya hela

Leaf inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100, weka 17 maana nyingine zinapotea wakati wa kuchaji. Kwa tarifa ya kawaida uniti ni kama 356 na kodi zake, ndo maana elfu kumi inatoa uniti 28, kwahiyo kilomita 100 ni kama elfu 6. Vitz ikienda kilomita 15 kwa lita na petroli ukaweka 2,900 (EWURA wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, badilisha mwenyewe) unatoa zaidi ya elfu 19. Tofauti ni kama 13,000 kwa kila kilomita 100. Mtu wa kilomita 1,500 kwa mwezi anaokoa kama 195,000, wa kilomita 400 anaokoa 52,000 tu, na huyo mimi namwambia abaki na petroli.

Sasa kuna kitu wauzaji hawakwambii. Kama nyumba yako iko kwenye ile tarifa ya uniti 75 kwa mwezi, ambayo uniti ni 122, ukianza kuchaji gari unatolewa, na zile uniti 75 za friji na taa nazo zinapanda kuwa 356. Hiyo ni kama elfu 17 na nusu kila mwezi, itoe kwenye faida yako.

Hatua ya 4: Betri, hapa tulia

Leaf za mwanzo zilikuja na betri ya 24 kWh (kWh ndo uniti ile ile ya LUKU), baadaye 30, halafu umbo jipya la kuanzia mwishoni mwa 2017 likaja na 40. Betri yake haina maji ya kupoozea kwahiyo joto ndo adui yake mkubwa, na Dar mnaijua. Ile ya 24 iliyochoka imebaki asilimia 70 inaweza kukupa kilomita 80 tu, mtu wa Kibaha anafika nyumbani roho mkononi. Ya 40 yenye hali nzuri inafika 200 na zaidi.

Mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vile vipande vidogo pembeni ya geji ya chaji vinatakiwa viwe 12. Visikutoshe hivyo maana kuna watu wanariseti kompyuta ya betri vinarudi vyote 12 kwa muda. Kama gari liko hapa Bongo chomeka kifaa cha OBD cha bluetooth (kinachosoma kompyuta ya gari), fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, angalia SOH, yaani asilimia ya uzima wa betri iliyobaki, na uone kama kuna seli zimeachana sana volti na wenzake, halafu chaji ijae uendeshe mbali ukiwa na AC. Muuzaji akikataa uendeshe mbali, ondoka.

Hatua ya 5: Ushuru na waya wa kuchajia

Ingiza gari husika kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipia, maana umri unaumiza, gari likipita miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu na likipita 10 unazidi. Uliza pia kama linakuja na waya wake.

Hatua ya 6: Safari

Service ya Leaf ni nyepesi, hakuna oili ya injini wala plagi, ila zile nyaya za chungwa zina volti zaidi ya 300, fundi wa kubahatisha asiguse. Kama ndo gari pekee la familia na Desemba lazima mpande Moshi, nunua Vitz, au Toyota Aqua ya haibridi (petroli na umeme pamoja) ambayo mafuta inanusa tu. Kama nyumbani kuna gari lingine la safari na mita ni yako, tafuta Leaf ya 40.