Ng'ombe Wanapokufa Ghafla: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Sumu

Mfugaji wa Muheza au Pangani anapokuta ng'ombe wawili wamekufa bandani alfajiri, neno la kwanza kusemwa ni sumu, na la pili ni jina la jirani. Naomba jina hilo lisitajwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi nimekuta chanzo kimo ndani ya hori lenyewe.

Hatua ya kwanza ni kutoupasua mzoga. Ng'ombe aliyekufa ghafla, akavimba upesi na kutokwa damu isiyoganda puani au njia ya haja kubwa, huenda alikuwa na kimeta, ugonjwa unaoua hata watu. Aitwe afisa mifugo apime damu, na mtu yeyote asile nyama hiyo.

Hatua ya pili, waondoe waliobaki kwenye chakula na maji yaleyale, lakini usimwage kitu, kwani mabaki ya hori ni ushahidi.

Hatua ya tatu ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi: kuuliza na kuzunguka shamba kwa miguu. Nani alilisha, alilisha nini, saa ngapi? Dawa ya kuogeshea ilichanganywa kwa kipimo gani, na chupa zake ziko wapi? Mate mengi, machozi, mboni zilizosinyaa na misuli inayotetemeka huelekeza kwenye viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti. Mnyama aliyehema kwa shida akafa muda mfupi baada ya kula hunipeleka kwenye sumu ya sianidi, iliyomo katika majani na maganda ya muhogo mchungu na katika machipukizi ya mtama. Wakati mmoja tumbo la kwanza la ng'ombe aliyekufa, lile kubwa linalopokea majani, lilitoa vikonyo vya kisamvu vilivyokatwa mshazari kwa panga, sawasawa na vile vilivyobaki nyuma ya jiko la mwenye mifugo.

Hatua ya nne, shaka ya kimeta ikishaondoka, daktari afungue mzoga mapema, kwa sababu damu nyekundu mno ya sianidi na ile ya kahawia ya naitreti, chumvi ya mbolea na ya baadhi ya malisho, hubadilika rangi zikikawia. Achukue yaliyomo tumboni, ini, figo, chakula na maji, kila kimoja katika chombo chake kilichojaa na kufungwa barabara, kisha vya tumboni na viungo vigandishwe bila kutiwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo. Sampuli zipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari pamoja na barua yenye dalili, saa za vifo na sumu inayoshukiwa, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachobaini sumu zote.